Nampeleka baba Iringa na Ruaha siku nne, hatuna gari. Tupangeje?

Binti_wa_Mwalimu

Habari zenu wote, na wakubwa shikamooni.

Baba yangu ana miaka 72. Amefundisha historia Tanga kwa zaidi ya miaka 30, na kila mwaka akifika kwenye vita vya Wahehe na Wajerumani alikuwa anachora ramani ubaoni kwa kichwa, bila kushika kitabu. Lugalo hapa, Kalenga hapa, Mto Ruaha unapita huku. Nilikuwa darasani kwake, najua. Lakini Iringa yenyewe hajawahi kukanyaga. Alipita mara moja usiku, kwenye basi la kwenda Mbeya msibani, hakuona kitu.

Nimepata likizo ya tarehe 15 hadi 18 Agosti na nimeamua safari hii twende. Tunatokea Dar. Kuna mtu amenipa bei ya gari kutoka hapa hadi mbugani na kurudi, nikakaa chini. Ni mshahara wangu wa miezi mitatu. Ndiyo maana naulizia njia ya mabasi.

Baba ana goti la kulia linalomsumbua kwenye miteremko. Kwenye tambarare anatembea vizuri kuliko mimi. Yeye anataka Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mimi nataka aone tembo, kwa sababu tembo wakionyeshwa kwenye televisheni ananyamazisha nyumba nzima. Je, siku nne zinatosha kwa vyote viwili? Na gari la kuingia Hifadhi ya Ruaha mtu analipata wapi akiwa hana?

MamaJ_Mafinga

Mpeleke mwanangu, usiahirishe. Mimi wangu niliahirisha.

Chukueni treni ya umeme mpaka Morogoro, halafu basi pale Msamvu. Mzee hatachoka kama ambavyo angechoka akikaa kwenye basi kutoka Dar asubuhi hadi jioni. Baada ya hapo mwache akae dirishani, kwa sababu barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na mara nyingi twiga, swala na nyati wanaonekana kutoka kwenye kiti chake. Tembo pia, Mungu akipenda. Mkifika Ruaha Mbuyuni mtaona mibuyu mpaka mchoke, na vitunguu vimepangwa barabarani. Halafu mlima Kitonga. Pale lori likizima kwenye kona foleni inakula masaa, kwa hiyo bebeni maji na kitu cha kutafuna.

Na sweta! Watu wa Pwani hamwamini mpaka mfike. Iringa mwezi wa nane jioni ni baridi ya kuwasha mkaa chumbani. Mbugani chini mchana ni joto. Mzee abebe nguo za hali zote mbili.

Dereva_Idodi

Kamwene dada. Mimi ni mzaliwa wa Idodi na huu ni mwaka wa 14 naendesha wageni barabara ya Iringa kwenda Msembe, ndani ya hifadhi. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ya ile ramani ya ubaoni. Nakujibu kama ndugu.

Siku nne zinatosha, bila kuhesabu siku ya kurudi Dar, ila msigawe nusu kwa nusu. Tarehe 15 ni ya safari, hiyo imekwisha. Tarehe 16 asubuhi chukueni teksi ya mjini kwa nusu siku, mkubaliane bei kabla ya kuingia, mrudi nyuma kwenye barabara ya Morogoro mpaka Lugalo. Mwalimu atajua kuliko mimi kwamba vita vile vilipiganwa tarehe 17 Agosti 1891. Mtakuwa mmewahi kwa siku moja tu. Kuna mnara pale, walioujenga ni Wajerumani wenyewe kwa ajili ya kamanda wao Zelewski na watu wake. Wageni wangu wengi wa kutoka Dar wanaijua Lugalo kwa sababu ya kambi na hospitali ya jeshi, na nikisimamisha gari nikawaambia jina limetoka hapa, wanashuka wenyewe bila kusukumwa. Mimi nawaomba watazame pori lilivyo. Jeshi la Wajerumani lina bunduki na mizinga, linatembea kwa mstari mrefu, punda na mizigo katikati, na Wahehe na mikuki yao wamelala kwenye majani pande zote. Ukisimama pale huhitaji kuchorewa.

Mkitoka Lugalo pitieni Boma mjini, ile nyumba ya Wajerumani ambayo tangu 2016 ni makumbusho. Mtamaliza kwa saa moja. Halafu mpumzike. Msijaze.

Kalenga iwekeni tarehe 17 asubuhi, kwa sababu ipo kwenye njia ileile ya kwenda Ruaha, kama kilomita 15 tu kutoka mjini. Ndiyo siri ya safari hii ambayo wengi hawaijui. Watu wanakodi gari mara mbili, moja la historia na jingine la wanyama, wakati barabara ni moja. Unatoka mjini, Kalenga unaingia, unatoka, unaendelea na safari, na kibao cha Mlambalasi, alikofia Mkwawa mwaka 1898, kiko njia hiyohiyo. Halafu Idodi kwetu, Tungamalenga, ndipo hifadhi.

Sasa gari. Usikodi Dar. Basi dogo la Tungamalenga lipo, huondoka Iringa mchana na kurudi alfajiri, nauli yake ni ya kawaida kabisa. Tungamalenga ni kijiji cha mwisho mwisho kabla ya hifadhi, kuna nyumba za wageni za kila bei, na pale ndipo gari la kuingia mbugani linapatikana kwa siku moja, yaani tarehe 18. Ukilipia siku moja kutoka Tungamalenga huwalipi watu mafuta ya kutoka Dar. Ila nakusihi kitu kimoja. Usitume pesa yote kwa mtu ambaye hujamwona. Mwaka juzi nilikuta familia imekaa juu ya mabegi yao, baba, mama na watoto watatu, wamelipa kila kitu kwa simu na gari halipo wala mtu hapokei. Nikawapeleka kwa bei ya mafuta tu, lakini siku yao ya kwanza ilikuwa imeshapotea. Toa kidogo cha kushikia nafasi, inayobaki mpe dereva mkiwa mmesimama kwenye gari.

Beba kitambulisho chako na cha mzee. Raia tunalipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na mgeni, lakini bila kitambulisho utaanza kubishana. Getini hawapokei pesa taslimu, utapewa namba ya malipo, kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu ukiwa bado mjini. Na nguo zisiwe za bluu wala nyeusi. Mbung'o wanafuata rangi hizo, na mbung'o wa Ruaha anauma kupitia suruali.

Kuhusu tembo, Agosti ni wakati wake. Mimi ningempeleka Mwalimu Mwagusi. Ni mto wa mchanga, kipindi hiki juu hakuna tone. Tembo anakuja, anasimama kama anasikiliza kitu, halafu anaanza kuchimba kwa mguu wa mbele, taratibu, anatoa mchanga pembeni kwa mkonga. Shimo likifika kina fulani anaacha. Anasubiri. Maji yanajitokeza chini kidogo kidogo, machafu, haya ya kwanza anayamwaga, anasubiri tena, yanakuja masafi, ndipo anakunywa. Na nyuma yake utaona pundamilia wamepanga foleni, tandala, nyani. Tembo akiondoka wao wanaingia kwenye shimo lake. Nimeliona hilo mara ambazo siwezi kuzihesabu na bado nazima injini, sitaki sauti yoyote iwepo.

Ruaha yenyewe, ule mto mkubwa, nitakwambia ukweli ili mzee asishtuke. Ramani yake inaonyesha mto. Kwenye daraja la Ibuguziwa Agosti anaweza kukuta madimbwi, viboko wamebanana kwenye tope mgongo kwa mgongo. Tangu 1993 mto unakauka kiangazi, kwa sababu maji yanaishia juu huko Usangu kwenye mashamba ya mpunga na mifugo. Mwaka 2008 Usangu iliingizwa ndani ya hifadhi, eneo lote likafika kilomita za mraba zaidi ya 20,000, lakini kiangazi bado madimbwi tunayaona. Baba yangu alikuwa akivua samaki mto ule mwezi wa kumi. Mimi nina watoto ambao mwezi wa kumi wanaujua kama barabara ya mchanga. Hilo linaniuma kuliko kitu chochote katika kazi hii, na kila mgeni namwambia.

Kijana_wa_Ipogolo

Kaka umesahau Isimila! Kilomita 20 tu barabara ya Mbeya. Nguzo zile za mchanga na mashoka ya mawe ya watu wa kale, mwalimu wa historia atalia asipoona. Mimi ningeacha Boma.

Dereva_Idodi

Sijasahau mdogo wangu, nimeiacha makusudi kwa ajili ya goti. Mashoka ya mawe unayaona juu, kwenye banda na eneo la karibu, hapo sawa. Lakini nguzo ziko korongoni, unashuka, unapita kwenye changarawe, unapanda tena, na jua la saa tano linapiga ukutani. Wakipata teksi yenye subira waende saa mbili asubuhi tarehe 16, waone mashoka, wazitazame nguzo kwa mbali, kisha ndiyo Lugalo. Mlambalasi pia ni kupanda hadi kwenye miamba, mzee asimame barabarani pale kwenye kibao inatosha.

Binti_wa_Mwalimu

Kaka yangu, asante, na Mama J pole kwa la mzee wako. Nimemsomea baba majibu yote jana usiku. Alipofika kwenye tembo na foleni ya pundamilia aliniambia nirudie.

Lakini kuna jambo amelisema ambalo sikulitarajia. Kuhusu fuvu la Mkwawa, lililo kwenye makumbusho ya Kalenga. Anasema amelifundisha miaka yote, kichwa kilivyokatwa, kilivyopelekwa Ujerumani, kilivyoandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles mwaka 1919 kwamba kirudishwe, na kikarudi 1954. Sasa anasema hajui kama anataka kusimama mbele ya kioo na kumtazama mtu. Anauliza wenyeji mnafanyaje.

Dereva_Idodi

Mwambie Mwalimu swali lake ni la heshima na si yeye wa kwanza. Nimepeleka wazee kadhaa waliobaki nje, wakakaa kwenye kivuli, wakatuma wajukuu. Hakuna anayemshangaa mtu.

Wanaoingia, wazee wa kwetu huvua kofia mlangoni. Hawapigi kelele, hawanyooshi kidole. Mzee wangu mwenyewe, alipoingia mara ya kwanza, alisema kamwene, kama anavyomsalimia mtu aliye hai, akasimama kidogo, akatoka. Hakusoma maelezo hata moja. Mimi nilikuwa kijana, nikamuuliza mbona hukutazama mikuki na bunduki. Akasema nilikuja kumsalimia, nimemsalimia.

Kwa hiyo akitaka kusalimia aingie, akitaka kukaa nje pia ni sawa. Ukweli ni kwamba cha kumwonyesha mtu aliyechora ile ramani, kwa maoni yangu, kiko nje ya jengo. Ni ukuta.

Binti_wa_Mwalimu

Ameuliza hilohilo sasa hivi nikiwa naandika! Amesema: "Muulize kama ukuta wa ngome bado upo, nilikuwa nachora duara na sikujua nichore ukubwa gani." Upo?

MamaJ_Mafinga

Mwanangu usisahau sweta.

Dereva_Idodi

Upo, lakini si kama wanavyofikiria watu, si jengo. Wajerumani waliuvunja tarehe 30 Oktoba 1894, na baada ya hapo kijiji kimeishi juu yake. Umebaki vipande vipande vya msingi, mawe na udongo mwekundu ulioshindiliwa, sehemu nyingine ni kama tuta la shamba tu na mahindi yamepandwa mpaka kwenye ubavu wake. Mgeni anavuka juu yake na hajui. Jina lenyewe la mji, Iringa, limetokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe.

Njia ya kuufuata ni tambarare, goti halitasumbuka. Nikiwa mjini tarehe 17 nitakuja Kalenga saa tatu asubuhi, sitaki malipo. Abebe chaki.