Kiarabu cha simu kinamtosha anayekwenda Uarabuni?

Mkazi wa Kisenyi:
Salaam jamani. Hapa kwetu Kampala mabinti wanaaga kila leo kwenda Saudia kufanya kazi za ndani, na wimbo ni mmoja: mwalimu wa nini, nina simu. Mimi napinga. Simu peke yake itampeleka mtu akawe bubu jikoni kwa watu.

Mpwa wangu alikesha na programu ya bure miezi mitatu. Nyota kajaza, hongera kila usiku. Mama yake mkubwa, aliyerudi kutoka Jeddah, akamwambia: "Haya, niombe maji." Binti akajibu "uridu maa". Dada yangu huyo alicheka mpaka akashika ukuta. "Hicho cha taarifa ya habari, mwanangu! Kule ni 'abgha moya'. Na madam akisema 'dahin', anataka sasa hivi, usisimame kuwaza."

Kinachoniudhi zaidi ni maelezo kuwa ya Kiingereza. Binti aliishia la saba, anahangaika na Kiingereza ili afundishwe kitaab, qalam, sukkar, sabun. Kitabu, kalamu, sukari na sabuni anavijua tangu anatambaa!

Boda wa Katwe:
Mzee wangu, heshima zako, lakini mwalimu analipwa na nani? Dada yangu anauza chapati toka alfajiri, ana mtoto mgongoni. Darasa liko mjini saa nane mchana. Simu inamngoja hata saa sita usiku. Bando nalo si bure, tangu Julai 2021 data ina kodi ya asilimia 12, ila bado ni nafuu kuliko ada na nauli. Halafu hicho Kiarabu fasaha mnachokicheka ndicho kinachoandikwa kwenye mkataba. Au asaini tu?

Mkazi wa Kisenyi:
Kwenye mkataba umenibana, kijana. Lakini mkataba unasainiwa siku moja. Madam ni wa kila siku, miaka miwili.

Mama Hawa:
Wanangu, mimi nimekaa Riyadh, acheni niseme. Kilichonisaidia ni simu hiyo hiyo, ila si programu. Wenzangu waliotangulia walinitumia sauti kwa WhatsApp: hivi ndivyo wanavyoagiza chai, hivi ndivyo wanavyogomba. Nikawa nasikiliza nikifua, narudia kwa sauti, watoto wananicheka. Sauti ya mtu aliyeko huko inakuja na kasi yake na hasira yake.

Ila Boda, jua na hili: nyumba niliyofikia, simu ilichukuliwa siku ya kwanza. Nilibaki na yaliyokuwa kichwani. Mzee, mwambie mpwa wako nyota aziache kidogo, ashike "ana ta'bana", sijisikii vizuri. Mimi nililihitaji wiki ya pili, na sikuwa nalo.