Kuuza nyumba kongwe Mji wa Kale, Mombasa: waya mpya kote, ubao mpya wa fyuzi tu, au iuzwe ilivyo?

BintiKibokoni
Ndugu zangu, twauza nyumba ya marehemu bibi. Ghorofa mbili, kuta za matumbawe, dari ya boriti. Stima ni ya zamani: fyuzi za waya kwenye ubao wa mbao, soketi nyingi hazina athi (waya wa kupeleka ardhini stima inayovuja), nyaya ni nyekundu na nyeusi. Mnunuzi ataka cheti cha fundi kwamba stima ni salama. Fundi asema tuvute waya upya nyumba nzima. Mjomba asema tuiuze ilivyo, tupunguze bei. Hakuna njia ya kati?

WakiliTudor
Kenya, hati huhamishwa bila cheti cha stima. Mtaulizwa reti za kaunti, yaani kodi ya ardhi, na mnunuzi atalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 hapa mjini. Afrika Kusini sivyo, huko hutakiwa cheti kisichozidi miaka 2. Lakini mkimwambia mnunuzi "stima iko sawa" na mwajua haina athi, huo ni udanganyifu na mkataba waweza kuvunjwa. Mjomba akitaka kuuza ilivyo, hali hiyo iandikwe.

FundiMajengo
Dada, rangi si ugonjwa. Nyekundu na nyeusi ndizo zilizotumika zamani. La muhimu ni ganda la waya. Lipimwe kwa volti 500. Likisoma chini ya megaomu 1 (kipimo cha ganda linavyozuia stima), waya huo umekwisha. Ukiwa ni wa mpira hata usisumbuke kupima, ukiukunja ganda lapukutika.

Ndiyo maana njia ya kati huwaponza watu. Waweka ubao mpya wenye arisidi (RCD, swichi inayokata stima ikivuja) ya miliampea 30 juu ya waya unaovuja, basi stima yakatika kila saa na mnunuzi akuona tapeli. Kama nyaya ni za plastiki na zimepima vizuri, hapo badilisha ubao, vuta athi, maliza.

MamaMwembeTayari
Bafuni ndiko kuanze! Shawa ya stima, maji ya kisima yenye chumvi, na athi hakuna? Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko matamu. Nyumba iuzwe au isiuzwe, shawa hiyo izimwe leo.

BintiKibokoni
Imezimwa, mama. Fundi, na hizi kuta? Naogopa kuchimbwa.

FundiMajengo
Usichimbe. Matumbawe humomonyoka, utalipa plasta kuliko waya. Paipu zipite juu ya ukuta, kandokando ya boriti. Upande wa barabarani muulize kwanza ofisi ya uhifadhi wa majengo ya kale. Na yeyote atakayetia sahihi cheti akuonyeshe leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, yenye jina lake, si ya rafikiye.

MzeeFrere
Mimi naona mjomba hajakosea sana. Wanunuzi wengi wa huko hubomoa ndani yote. Mwulizeni huyu atafanya nini na nyumba kabla hamjatoa shilingi.

WakiliTudor
Sawa mzee, ila huyu ameshataka cheti.

BintiKibokoni
Basi vipimo kwanza, bei baadaye. Mjomba amekubali kulipia vipimo tu, tena kwa kunung'unika.