Nimechoka na hukumu za bourbon ya bei nafuu: mnapima lebo na kiwango cha maji, wiski yenyewe hamjaionja

Mleta uzi

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitazunguka.

Kila mada ya bourbon (wiski ya Kimarekani ya mahindi) ya chini ya dola 25 ikifunguliwa, majibu ni yale yale. "Inachoma." "Kali sana." "Hii laini." "Ya bei rahisi inajulikana tu." Hakuna anayesema kileo kilikuwa asilimia ngapi. Hakuna anayesema alitumia glasi gani, kama aliweka maji au barafu, wala chupa ilikuwa imefunguliwa kwa muda gani. Halafu mtu huyo huyo anatoa alama 62 kwa 100, na wanaotaka kununua wanamwamini. Hiyo 62 imepimwaje?

Tuanze na hilo neno "inachoma", maana ndilo linaloharibu zaidi. Alkoholi huamsha fahamu zile zile za mdomoni zinazohisi joto na pilipili. Kwa hiyo wiski ya asilimia 50 itachoma kuliko ya asilimia 40, hata kama zimetoka pipa moja. Ukiweka Evan Williams ya lebo nyeupe, ambayo ni asilimia 50, kando ya Jim Beam ya lebo nyeupe, ambayo ni asilimia 40, kisha ukatangaza kwamba ya pili ni bora kwa sababu ni laini, ulichopima ni maji. Viwanda vinajua jambo hili kuliko nyinyi. Lita 100 za wiski ya asilimia 60 iliyotoka pipani zinakuwa takriban lita 150 zikishushwa hadi 40. Mwaka 2013 kiwanda cha bourbon cha Maker's Mark kilitangaza kushuka kutoka asilimia 45 hadi 42 ili akiba itoshe. Wanywaji walipinga kwa nguvu, na baada ya takriban wiki moja uamuzi ukafutwa. Wale walielewa kwamba asilimia tatu si kitu kidogo.

Kabla ya kulinganisha, sawazisheni. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha ujazo kwa asilimia uliyonayo, gawanya kwa asilimia unayotaka, unapata ujazo wote. Mililita 30 za asilimia 50 ukitaka ziwe 40: 30 mara 50 ni 1500, gawanya kwa 40, unapata 37.5. Unaongeza mililita 7.5 za maji. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lile la mililita 10, kwa sababu kukadiria kwa kijiko ndiko kunakowaangusha. Maji yasiwe na harufu ya klorini wala yale ya chumvi nyingi. Ukishachanganya, subiri dakika tano, kwani harufu hubadilika maji yakiingia na ukinusa papo hapo utaandika kitu ambacho hakitakuwepo baadaye.

Na hilo "laini" liacheni kabisa. Halielezi ladha yoyote. Sema kama ni nyepesi au nzito ulimini, kama ladha inakatika ukimeza au inakaa, kama utamu uko mwanzoni na uchungu unakuja nyuma. Hesabu sekunde. Ladha ikitoweka kabla ya sekunde kumi, iandike hivyo, na kila msomaji atakuelewa.

Glasi nayo. Ile fupi yenye mdomo mpana inafaa kwa barafu, lakini kwa kunusa inatawanya kila kitu. Chukua yenye tumbo na mdomo uliobana. Ioshe kwa maji ya moto, kisha uinuse ikiwa tupu. Ikinuka sabuni au kitambaa kilichoikausha, rudia, kwa sababu nusu ya "harufu za ajabu" mnazozisingizia bourbon zimetoka kabatini. Mimina mililita 20 hadi 30, si zaidi, uache dakika kumi. Usiingize pua ndani. Anzia kidevuni, fungua mdomo kidogo, pandisha glasi taratibu mpaka harufu ikufikie. Ukihisi pua inachomwa, umekaribia mno, na kwa dakika chache zijazo hutanusa chochote cha maana.

Funda la kwanza halihukumiwi. Kazi yake ni kuuzoesha mdomo. La pili, kama mililita tano, lizungushe kama unalitafuna kwa sekunde kumi, umeze, kisha utoe pumzi kupitia puani. Hapo ndipo pipa linapojieleza. Hukumu itokane na la pili na la tatu.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba kasoro za kweli zipo, na hakuna anayezitaja. Bourbon ya bei nafuu mara nyingi ni changa, na uchanga una alama zake: harufu ya unga wa mahindi uliolowa, donge bichi la mkate, mbao iliyokatwa leo. Harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha inatokana na ethili asetati. Kidogo chake kinasaidia kuleta harufu ya matunda, kikizidi ni kasoro. Harufu ya maboksi yaliyolowa: kama chupa ina kizibo cha gome, shuku kizibo kwanza kabla ya kumlaumu aliyekeneka, yaani aliyeichemsha na kukusanya mvuke wake. Uchungu unaokausha fizi kama chai iliyochemka mno ni tanini za mwaloni. Hiyo hutokea kwa wiski iliyokaa mno pipani, na pia kwa ile iliyowekwa kwenye vipipa vidogo ili ipate rangi haraka. Kipipa kidogo hutoa rangi na tanini upesi, lakini hakiwezi kuharakisha yale mabadiliko ya polepole ambayo hewa hufanya ndani ya pipa la kawaida la galoni 53. Matokeo yake ni unga wa mbao mdomoni, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko Wild Turkey 101, ambayo wengi humu hamjawahi kuionja ipasavyo.

Msinijibu "kila mtu na ulimi wake". Ulimi ni wako, sawa. Lakini asilimia, mililita na dakika si maoni.

Pipa53

Mleta uzi umesema kweli, ila umeacha lebo, na huko ndiko wanunuzi wanakodanganyika wazi wazi.

Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51 kwenye mchanganyiko wa nafaka, ikenekwe isizidi asilimia 80 ya kileo, iingie pipani isizidi 62.5, pipa liwe jipya la mwaloni lililochomwa ndani, na itiwe chupani isipungue 40. Hairuhusiwi rangi wala kiungo cha kuongeza ladha, maji tu. Na si lazima itoke jimbo la Kentucky. Masharti haya yanaibana chupa ya dola 15 sawasawa na ya dola 150. Kwa hiyo anayeandika kwamba bourbon fulani ya bei nafuu "imetiwa rangi" au "imetiwa vanila" hajui anachosema. Vanila inatoka kwenye mwaloni moto ukishaupitia, karafuu pia, hata ile harufu ya nazi. Utamu unaousikia si sukari ya mahindi, sukari haipandi na mvuke.

Sasa, "small batch", yaani kundi dogo la mapipa. Maneno haya hayana maana yoyote kisheria. Mapipa kumi au mapipa mia kadhaa, lebo ni ile ile. "Handcrafted", yaani ya kazi ya mikono, ndiyo kabisa. Watu wanaongeza alama kwa maneno ambayo hakuna anayeyakagua.

Yanayokaguliwa ni mengine. "Straight" maana yake angalau miaka miwili pipani, na kama haijafika minne, umri lazima uandikwe. Kwa hiyo "straight" isiyotaja umri imefika minne au zaidi. Umri ukitajwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Na "Bottled in Bond", yaani iliyokaa ghalani chini ya serikali, sheria ya 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa kukeneka, angalau miaka minne kwenye ghala linalosimamiwa na serikali kuu, asilimia 50 kamili, na lebo itaje kiwanda kilichokeneka au namba yake. Geuza ile Evan Williams nyeupe utakuta namba hiyo, DSP-KY-1. Kwa bei ya chini hakuna dhamana kubwa kuliko hiyo, na bado mtu anaipita rafuni akifuata chupa nzito yenye picha ya farasi na neno "bottled by" (imetiwa chupani na) peke yake, ambalo halikuambii nani aliikeneka.

Kimea

Nakubali mengi, napinga moja. Mnaongea kana kwamba kila mtu anakunywa kavu. Wengi wanaonunua bourbon ya bei hii wanaichanganya na soda au wanaweka barafu. Kumhukumia mtu huyo wiski kwenye glasi ya kunusia ni kumpa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Lakini hata hapo hukumu zinakosea, kwa sababu anayechanganya ndiye anayehitaji asilimia kubwa. Mililita 45 za asilimia 40 kwenye mililita 120 za soda zinabaki karibu asilimia 10.9. Za asilimia 50 zinabaki 13.6. Ile ya kwanza soda inaifunika, na mtu anaandika "haina ladha". Ndiyo maana Old Grand-Dad ya asilimia 50, yenye nafaka ya rai nyingi kuliko kawaida, inasimama kwenye kinywaji cha kuchanganya: pilipili manga na nanaa za rai zinapenya sukari. Yenye ngano badala ya rai, kama Maker's Mark au Larceny, ni tulivu zaidi, na kwenye soda ya tangawizi mara nyingi inazama. Huo ni mtindo, si kasoro. Anayeipunguzia alama bourbon ya ngano kwa sababu "haina viungo" amekosea kama anayelilaumu embe kwa kutokuwa limau.

Na barafu: baridi hubana harufu na kupunguza utamu, halafu kadiri inavyoyeyuka unakunywa wiski tofauti kila baada ya dakika tano. Ukitaka kuhukumu yenye barafu, tumia bonge moja kubwa na uandike umeihukumu dakika ya ngapi.

Pipa53

Kimea, hapo sina ubishi. Aandike tu alivyokunywa. Tatizo ni wanaokunywa na soda halafu wanatoa alama za "harufu".

Jambo lingine ni chupa yenyewe. Iliyofunguliwa leo na iliyobaki theluthi kwa miezi sita hazilingani. Hewa iliyojaa chupani inaondoa harufu nyepesi za juu na wiski inakuwa bapa. Kuna ambazo funda la kwanza la chupa mpya huwa kali, kisha zinatulia baada ya siku chache. Basi onjeni mara mbili, siku mbili tofauti, kabla ya kuandika. Ihifadhiwe wima, mbali na jua, kwani kileo kikigusa kizibo muda mrefu kinakila.

Rangi nayo isiwadanganye. Ya asilimia 50 itaonekana nzito kuliko ya 40 kwa sababu tu imewekewa maji machache. Yale "machozi" yanayoteremka kwenye glasi yanatokana na alkoholi kuvukiza na kuacha maji nyuma. Yanaonyesha nguvu ya kileo, hayaonyeshi ubora.

Mleta uzi

Kimea, nimepokea, uko sahihi kuhusu soda.

Kwa wale mnaosema mnaweza kutofautisha ya dola 18 na ya dola 60 "kwa harufu tu", kuna kipimo. Glasi tatu zinazofanana, mbili zina wiski moja, ya tatu ina nyingine, zote zimeshushwa hadi asilimia ile ile ya kileo, mililita 15 kila moja. Mtu mwingine azimimine na aziandike namba chini, wewe usiwepo. Kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti. Ukibahatisha una nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo kupatia mara moja hakuthibitishi lolote. Patia mara tatu mfululizo, huku mpangilio ukibadilishwa kila mara, na bahati inabaki moja kati ya 27. Kati ya raundi kunywa maji, kula biskuti isiyo na chumvi, pumzika dakika kumi. Usizidi raundi nne kwa siku, ulimi unachoka na baada ya hapo unakisia.

Ukishindwa kuzitofautisha, usiandike ipi ni bora. Ukiweza, ndipo uandike: jina kamili, asilimia, namba ya toleo iliyochapwa kwenye kioo, chupa imebaki kiasi gani, glasi, maji mililita ngapi, sekunde za ladha baada ya kumeza, na kasoro kama ipo. Bei iandike mwisho kabisa, baada ya alama.