Mitetea wageni kwa kuku wenyeji: wavu, usiku, au kuwafungulia uwani?

Uwani_Fuoni
Assalamu alaykum. Nina kuku wa kienyeji wanane na jogoo, wamezoeana zamani. Nimenunua mitetea watano chotara, wana kama miezi miwili. Nimesikia njia tatu: kuwatenga kwa wavu ndani ya banda lile lile, kuwatia usiku wenzao wamelala, au kuwafungulia wote uwani wajuane wenyewe. Ipi yenye salama?

Chake_Mfugaji
Waalaykumu ssalaam. Kabla ya njia yoyote, hao wageni wamechanjwa? Waweke mbali kwanza, si upande wa pili wa wavu, mbali kabisa, wiki 3 hivi, na vyombo vyao. Ugonjwa wa mdondo, yaani kideri, unaweza kukaa mwilini hata wiki 2 kuku anakula vizuri tu. Ukimuona anapumua mdomo wazi, au kinyesi kimekuwa kijani, usimtoe hapo. Chanjo yake, ile ya tone la jicho, hurudiwa kila miezi 3 au 4, na wenyeji nao wapate, mapema, kwa sababu kinga haijengeki siku moja. Kila asubuhi hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha unawe na ubadilishe viatu.

Bi_Bububu
Baada ya hapo, wavu, mwanangu. Nimefuga tangu watoto wangu wadogo na sijaona inayoushinda. Siku ya mwanzo kuku wakubwa husimama mstari mmoja, manyoya ya shingo yamewasimama, wanaudonoa wavu. Wewe waachie. Weka chakula karibu na wavu, pande zote mbili. Mimi huwatilia chicha za nazi. Ikifika wiki utawakuta wanakula wameelekeana na hakuna anayemshughulikia mwenzake. Hapo ndipo pa kufungua. Ila nyavu kuukuu za kuvulia usitumie, kuku hunasa miguu.

Wete_99
Bi, nakubali, lakini njia ya usiku isidharauliwe. Kwa kuku wakubwa wanaolingana mwili mimi nimeiona inafaa: wanaamka wameshalala pamoja. Sharti uwepo alfajiri kabla hakujapambazuka, uwafungulie mlango. Wakiamka ndani ya banda lililofungwa, mnyonge hana pa kukimbilia.

Chake_Mfugaji
Hapo ndipo ilipo tofauti, ndugu yangu. Wake wana miezi miwili. Mwili wa chotara unadanganya, ni mkubwa lakini bado mtoto. Asubiri wafike wiki 12 au zaidi, walingane na wenyeji, ndipo azungumze habari ya kuchanganya.

Pwani_Jambiani
Kuwafungulia moja kwa moja nako kunafaa kwetu huku, viwanja vipana. Uwa wa mjini una ukuta pande nne, kuku anayefukuzwa atazunguka mpaka achoke. Kama huna budi, egemeza mbao ukutani, weka tenga lililopinduliwa, tia chakula na maji sehemu tatu ili kuku mmoja asivizuie vyote. Wenye vifaranga wa siku moja au mbili wao wana njia nyingine, kuwatia usiku chini ya kuku anayeatamia. Akiwakubali atawalinda mwenyewe hata na kunguru. Kwa umri wa hawa wako imeshapita.

Uwani_Fuoni
Na chakula? Wenyeji wanakula cha kutagia.

Chake_Mfugaji
Usiwape mitetea hicho. Kina chokaa nyingi, karibu asilimia 4, na kuku asiyetaga figo zake haziiwezi. Wakishakuwa pamoja wape wote chakula cha kukuzia, na makombe yaliyopondwa uyaweke chombo cha pembeni. Wanaotaga watayafuata wenyewe.

Uwani_Fuoni
Shukrani. Katika wenyeji kuna tembe mmoja mweusi, yeye ndiye mkubwa wao na ana ukali. Nitamfanyaje?

Bi_Bububu
Mtoe yeye, usimtoe anayeonewa. Mweke peke yake siku tatu nne, hata chini ya tenga, asiwaone wenzake. Akirudi atakuta nafasi yake imeshashikwa, na ndiye atakayeanza upya. Wengine kudonoana kidogo siku za mwanzo waache, wanapangana. Lakini ukiona damu usingoje hata dakika: mtoe aliyeumia, mpake dawa ya vidonda ile ya zambarau mpaka wekundu usionekane, maana kuku akiiona damu hudonoa papo hapo, na wenzake humfuata. Asirudi mpaka kidonda kikauke. Na ukimrudisha, mrudishe na mwenzake mmoja, asiingie peke yake.