Mjadala: Kupima mishipa ya moyo Uganda, tuanzie kwenye CT au kwenye katheta?

Ndugu wachangiaji, swali lililo mezani ni hili: mtu anapofika hospitali ya rufaa ya Arua au Mbale akilalamika kubanwa kifua kila apandapo mlima, na daktari akashuku kwamba ateri zinazoulisha moyo wake zimekuwa nyembamba, fedha za umma zimtafutie kipimo kipi kwanza: CT, yaani picha za eksirei zipigwazo kuuzunguka mwili na kuunganishwa na kompyuta, au katheta, yaani mrija mwembamba uingizwao mshipani hadi moyoni? Mwenzetu aliyetangulia anasema katheta peke yake ndiyo isemayo kweli, na kwamba kila mkoa ujengewe maabara yake ya katheta kabla ya kitu kingine. Naiheshimu hoja hiyo, lakini naipinga.

Tangu daktari wa moyo Mason Sones alipopiga picha ya kwanza ya namna hiyo huko Cleveland mwaka 1958, anjiografia ya katheta (picha ya eksirei ya ateri zilizotiwa dawa kupitia mrija huo) imekuwa mizani ya vipimo vingine. Hutofautisha vitu vya takriban milimita 0.2, ilhali CT huishia karibu na milimita 0.5, na katika ateri yenye kipenyo cha milimita 3 au 4 tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, anjiografia huonyesha kivuli cha dawa inayopita ndani ya mshipa. Ukuta wenyewe haionyeshi. Mwaka 1987 mtafiti Glagov na wenzake walieleza kwamba mafuta yanapojikusanya ukutani mshipa hutanuka kwa nje, hivyo njia ya damu huweza isipungue mpaka mafuta hayo yafikie kama asilimia 40 ya eneo la mshipa. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuambiwa kwamba yu salama na huku ugonjwa umo. CT huuona ukuta huo.

Ultrasaundi ya ndani ya mshipa, ipigayo picha kwa mawimbi ya sauti, huuona vizuri zaidi, na tomografia ya mwanga, ipigayo picha kwa mwanga, hutofautisha hata vitu vya maikromita 10 hadi 20 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ingawa mwanga haupenyi zaidi ya milimita 1 au 2. Lakini zote mbili hupitia katheta, na kazi ya vipimo hivyo hasa ni kuchagua stenti (kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa uwe wazi) inayomfaa mtu ambaye tayari ameamuliwa kutibiwa.

Utafiti wa DISCHARGE wa Ulaya, uliotolewa mwaka 2022, ulilinganisha njia hizi kwa wagonjwa 3,561 wenye maumivu ya kifua yasiyo ya dharura. Madhara makubwa ya kipimo na matibabu yaliyofuata yaliwapata asilimia 0.5 ya walioanzia CT na asilimia 1.9 ya walioanzia katheta, na hatari ya kupatwa na shambulio la moyo, kiharusi au kifo haikutofautiana kwa uhakika.

Nakiri kwamba chokaa ikijaa mshipani CT huonyesha kizibo kikubwa kuliko kilivyo, kwamba mapigo ya moyo sharti yatulizwe hadi karibu 60 kwa dakika, na kwamba mashine ya kawaida ya kichwa na tumbo haitoshi. Tena mwenye shambulio la moyo asicheleweshwe kwa CT; huyo ni wa katheta moja kwa moja.

Lakini picha ya CT iliyopigwa Arua inaweza kusomwa na bingwa aliye Mulago, hospitali kuu ya rufaa jijini Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapo, siku hiyo hiyo. Naomba mwenzangu anijibu: mkono wa kuongoza katheta katika kila mkoa ataupata wapi?