Maulizo mengi kwenye kurasa, mauzo kiduchu: tunakosea wapi?

KapuLaViatu:
Habari zenu wadau. Tunauza viatu kupitia Instagram na Facebook. Kila posti inajaa komenti za "bei?", nasi hujibu "njoo inboksi". Wanaokuja ni wachache, na nusu yao hupotea katikati. Matangazo ya WhatsApp Business, yaani ujumbe mmoja tunaowatumia wateja wengi kwa mpigo, nayo wengi hayawafikii. Turekebishe nini kwanza?

MzeeWaKaunta:
Anzeni na hiyo "njoo inboksi", ndiyo inayowaumiza. Swali moja la bei husomwa na watu kibao wenye swali lilelile ambao hawaandiki. Ukimwita mmoja pembeni, umewanyima wote jibu, na wapo watakaodhani bei inapangwa kwa sura ya mtu. Bei iwe mstari wa kwanza wa maelezo ya picha, maana Instagram huonyesha mwanzo tu na kuficha mengine. Komenti ijibiwe ikakamilika: "Bei iko hapo juu. Saizi 40 na 42 zipo, nyeusi imeisha, mzigo unatoka kesho asubuhi." Inboksi ibaki ya anwani, namba ya simu na malipo, vitu visivyopaswa kuandikwa hadharani kamwe.

Halafu fungueni sehemu ya maombi ya ujumbe Instagram. Mgeni akiandika mara ya kwanza, ujumbe wake unaweza kuangukia huko mkakaa siku nzima hamjui. Asubuhi na jioni, pakaguliwe.

TikiMbili:
Nakazia upande wa WhatsApp. Orodha moja ya matangazo hubeba watu 256, na humfikia tu aliyehifadhi namba yenu kwenye simu yake. Ninyi kuhifadhi ya kwake hakusaidii. Kwa hiyo mteja akishalipa, mwombeni aihifadhi, na mpeni sababu: taarifa za mzigo wake zitatokea hapo. Orodha zigawanywe. Aliyenunua viatu vya mtoto asitumiwe buti za kiume kila wiki, atawabloku, na mkiblokiwa na kuripotiwa na wengi, namba yenyewe inaweza kufungiwa.

Wanaopotea katikati dawa yao ni lebo, alama za WhatsApp Business za kubandika kwenye mazungumzo ya kila mteja: "ameulizia", "anasubiri malipo", "ametumiwa". Kila jioni pitieni "anasubiri malipo" na mkumbushe kila mmoja mara moja tu. Maelezo ya saizi yawekeni kwenye majibu ya haraka. Ukiandika alama ya mkwaju na neno lake, kwa mfano /saizi, yanajitokeza yote.

KapuLaViatu:
Asanteni sana. Na mtu akilalamika kwenye komenti, tufute?

MzeeWaKaunta:
Futa matusi, lalamiko liache. Akisema soli imebanduka, mjibu palepale: pole, tunakubadilishia, tutumie namba ya oda inboksi tuipange leo. Akishapata jozi mpya, rudi chini ya komenti ileile uandike kwamba amebadilishiwa na siku gani. Hapo ndipo wengi hukosea: wanalimaliza inboksi, na anayesoma mwezi ujao anakuta lalamiko tupu.