Mrejesho: Mazda MX-5 iliyolala miezi mitano imewaka

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama naweza kuwasha tu gari langu, MX-5 ya 1999, baada ya kulala gereji hapa Minnesota (jimbo la baridi kali Marekani) tangu Novemba. Mlinikataza, na nawashukuru sana kwa hilo.

Kwenye boksi la chujio la hewa nilikuta kiota cha panya, sufi na maganda ya karanga tele! Ningewasha vile vile, uchafu ule ungevutwa kuelekea injini. Nimesafisha na kuweka chujio jipya. Pia nilichomoa kile kitambaa nilichoziba nacho ekzosi, maana nilikuwa nimeshakisahau kabisa.

Betri (kwenye gari hili iko kwenye buti) ilisoma volti 11.4. Niliichaji polepole usiku kucha, asubuhi ikasimama 12.7. Oili nilikuwa nimebadilisha kabla ya kulihifadhi, kwa hiyo nilipima tu kiwango chake kwa kijiti. Kisha nikatoa fyuzi ya pampu ya petroli, nikapiga stata sekunde tano tano, nikipumzika katikati, ili oili ipande kwanza kabla injini haijawaka. Niliporudisha fyuzi, likawaka kwenye jaribio la pili. Nilifurahi kama mtoto.

Sikulipiga resi. Nilifungua mlango wa gereji kwa ajili ya moshi, nikaliacha lipate joto kidogo, nikaliendesha taratibu. Breki zilikwaruza kwa kutu ya diski, zikatulia baada ya kukanyaga mara kadhaa. Tairi nimejaza hadi 26 psi. Jumamosi nabadilisha mafuta ya breki.